Lishe ya Ng'ombe wa Maziwa: Kujaa Tumbo Siko Kushiba

Wananchi wanaofuga ng'ombe wa maziwa wanakumbushwa kwamba mnyama huweza kujaa tumbo huku mwili wake una njaa. Hali hii huonekana zaidi wakati wa kiangazi, na chanzo chake ni aina ya malisho, wala si uchache wake pekee.

Mfano ulio wazi unapatikana Bara, katika Bonde la Kilombero, Mkoa wa Morogoro, ambalo ni miongoni mwa maeneo makubwa ya kilimo cha mpunga nchini. Baada ya mavuno, mashamba yanayouzunguka mji wa Ifakara hubakiwa na mabua mengi. Mfugaji wa huko, kama mwenzake wa Cheju hapa Unguja, huweza kudhani kuwa chakula cha kiangazi kimepatikana bila ya gharama. Hata hivyo, mabua ya mpunga yana protini ya kiasi cha asilimia 4 tu, na nyuzinyuzi zake ni ngumu kumeng'enywa.

Ni vyema ikafahamika kwamba tumbo la ng'ombe lina sehemu nne. Ya kwanza, iliyo kubwa kuliko zote, huweza kuchukua zaidi ya lita 100 kwa ng'ombe mkubwa, na ndani yake wamo vijidudu wasiohesabika. Ng'ombe mwenyewe hawezi kumeng'enya nyuzinyuzi. Kazi hiyo hufanywa na vijidudu hao, naye huwasaidia kwa kucheua.

Vijidudu nao wanahitaji kula. Protini ya malisho ikiwa chini ya asilimia 7 hivi, kazi yao hulegea. Mabua hukawia tumboni, nafasi ya chakula kipya hukosekana, na ng'ombe huacha kula kabla ya kupata mahitaji yake. Hapo huanza kutumia akiba ya mwili wake: hukonda, maziwa hupungua na kupata mimba huchelewa.

Malisho yakiwa bora, nyuzinyuzi hugeuzwa kuwa asidi ya asetiki, ambayo hutengeneza mafuta ya maziwa. Wanga wa nafaka na pumba hutoa zaidi asidi ya propioniki, ambayo ini huigeuza kuwa sukari. Na sukari hiyo ndiyo inayoamua wingi wa maziwa. Vijidudu wenyewe, wakishapita hadi tumbo la nne na utumbo, humeng'enywa na kuwa protini ya ng'ombe. Kwa hivyo, amlishaye ng'ombe huwalisha vijidudu kwanza.

Aidha, nafaka nyingi kwa ghafla ni hatari. Asidi huzidi tumboni, ng'ombe huacha kucheua, huharisha, na huweza kufa. Chakula kibadilishwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili.

Mabua yasitupwe, bali yaongezewe majani ya lusina au gilirisidia, ama mashudu. Molasi, kama ile itokanayo na viwanda vya sukari vya Kilombero, huongeza ladha na nguvu, lakini haitoshi kwa protini. Njia nyingine ni kuyeyusha kilo 4 za mbolea ya urea katika maji, kuyanyunyizia kilo 100 za mabua makavu, na kuyafunika yasipate hewa kwa siku 21. Kabla ya kulishwa, mabua hayo yaanikwe mpaka harufu kali ipungue. Ndama walio chini ya miezi sita wasipewe kabisa. Urea ikiliwa kavu, au maji yake yakinywewa, huua kwa muda mfupi. Ihifadhiwe mbali na mifugo na watoto.

Wafugaji wanaombwa wamuone Bwana au Bibi Mifugo wa eneo lao kabla ya kuanza kutumia njia hiyo. Kwa jamaa wengi, ng'ombe mmoja ndiyo ada ya skuli na kitoweo cha nyumba. Kumkosesha lishe sahihi ni kuikosesha nyumba nzima.