Anajua, Anaonyesha, au Anafanya? Jinsi ya Kupima Umahiri Kazini

Katika Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliwahi kuuliza swali ambalo waajiri wengi hulikwepa: je, mafunzo tuliyotoa yamebadilisha kazi yenyewe? Mafunzo hayo yalikuwa ya Helping Babies Breathe, mpango wa kuwafundisha wahudumu kumsaidia mtoto anayezaliwa bila kupumua. Kozi ilichukua siku moja. Miezi saba baadaye wahudumu walipimwa kwa kutumia sanamu la mtoto mchanga. Kabla ya kozi, waliofaulu zoezi la kumpumulisha mtoto walikuwa asilimia 18. Sasa walikuwa asilimia 74.

Taasisi nyingi zingeishia hapo, zikaandika ripoti na kugawa vyeti. Haydom walikuwa pia na wachunguzi ndani ya chumba cha kujifungulia, wakiandika anachofanyiwa kila mtoto anayezaliwa. Huko hali ilikuwa tofauti kabisa. Idadi ya watoto waliofyonzwa kamasi au kupumulishwa haikubadilika, na kuwachangamsha kwa kuwasugua kulipungua badala ya kuongezeka. Matokeo hayo yalichapishwa 2013. Yanapaswa kumkosesha usingizi kila afisa rasilimali watu, kwa sababu wahudumu walewale waliofaulu mbele ya sanamu hawakuwa wamebadilika mbele ya mtoto.

Mwalimu wa tiba kutoka Marekani, George Miller, alikuwa ameutengenezea ngazi utata huu mwaka 1990. Alisema umahiri una madaraja manne. La chini kabisa ni kujua. Linafuata kujua namna ya kutumia unachokijua, kisha kuonyesha unaweza ukiwa unatazamwa, na juu kabisa ni kufanya, siku ya kawaida ya kazi, bila mtahini mlangoni. Kosa letu kubwa ni kupima daraja moja na kutoa hukumu ya daraja jingine.

Tazama jinsi tunavyoajiri. Cheti kinaeleza kwamba wakati fulani mtu alifaulu mitihani fulani. Usaili wa mchujo, ule wa kuandika, hupima anachokumbuka. Mahojiano, yasipopangwa vizuri, hupima ufasaha na ujasiri, na mara nyingi msailiwa anayefanana na wasaili ndiye anayetoka na alama nzuri. Usaili wa vitendo, kama wanaofanyiwa madereva, ndio unaofika daraja la tatu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofika la nne, na ndiyo maana ya kuwa na kipindi cha majaribio kazini. Ajabu ni kwamba kipindi hicho, chenye ushahidi mwingi kuliko usaili wote, huishia kwa bosi kutia saini fomu aliyoletewa mezani.

Mahojiano nayo yanaweza kusogezwa karibu na kazi. Badala ya kumuuliza mhasibu kama yeye ni mwadilifu, mweleze hali: mkuu wake anataka malipo yatoke leo na hati ya kupokelea mzigo haipo. Atafanya nini? Waulize wote swali hilohilo, na kila msaili aandike alama zake kabla ya kusikia za mwenzake. Tafiti za miongo mingi zinaonyesha kwamba mahojiano yaliyopangwa hivi hutabiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo huria.

Kutazama kazi nako kunataka utaalamu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazi mtaani, na tathmini ya namna hiyo haina maana bila vitendo. Chukua fundi umeme anayebadilisha soketi. Mpimaji asiye makini atasubiri mwisho aone kama taa ya soketi inawaka. Aliyebobea huanza kutazama mapema. Fundi anazima bureka ya laini husika na kuhakikisha hakuna atakayeiwasha. Kabla ya kugusa waya, anajaribu tesa yake (kipima umeme) mahali anapojua pana umeme. Ikiwaka, anaipeleka kwenye soketi. Isipowaka hapo, anairudisha tena kwenye umeme alioujaribu mwanzo, kujiridhisha kwamba tesa haikufa katikati ya kazi. Soketi mbili zinaweza kufanya kazi sawasawa mwishoni, moja ikiwa imefungwa na mtu mahiri na nyingine na mtu mwenye bahati.

Baada ya hapo mpimaji anauliza: "Kama umezima bureka na soketi bado ina umeme, utafanyaje?" Aliyekariri hatua atababaika. Anayeelewa atasema huenda soketi inalishwa na laini nyingine, na hataigusa hadi aijue. Kitendo na maelezo huthibitishana, na kukosekana kwa kimoja kunatia shaka kingine. Vigezo vyote hivi huandikwa kwenye orodha hakiki kabla fundi hajafika, ili upole wake au ubishi wake visigeuke kuwa alama. Na kazi moja haitoshi: anayeweza soketi huenda hawezi kutafuta hitilafu.

Lakini kuna mtego mwingine. Mtu anaweza kuwa na uwezo na bado asitende. Mkunga aliye peke yake zamu ya usiku na wazazi watatu, huku maski ya kupumulishia imefungiwa kabatini, atashindwa hata akiwa hodari wa nchi nzima. Ukimwandikia kwamba hana uwezo na kumrudisha darasani, umetibu ugonjwa asiokuwa nao.

Haydom waliendelea. Kuanzia 2011, baada ya kozi ya siku moja, waliweka mazoezi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, palepale kazini. Safari hii mabadiliko yalionekana kwa watoto wenyewe: waliochangamshwa waliongezeka, waliohitaji kupumulishwa walipungua, na vifo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Maudhui ya mafunzo yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni mahali pa kujifunzia na jinsi zoezi lilivyorudiwa. Na tusingejua lolote kati ya haya kama kipimo kingeishia kwenye sanamu.

Kwa mwenye kuongoza watu, pa kuanzia si fomu mpya ya tathmini. Chagua jukumu moja ambalo likiharibika linaumiza zaidi: dozi ya mgonjwa, malipo, breki za basi. Andika leo, pamoja na wanaolifanya vizuri, dalili tano za kazi njema. Kisha nenda ukalitazame likifanyika, zaidi ya mara moja na kwa zamu tofauti. Ukikuta kasoro, uliza kwanza kama vifaa, muda na watu vilikuwepo. Kama vilikuwepo na kazi bado haikuenda, hapo ndipo una haki ya kuzungumzia umahiri wa mtu.