Sinema ya Wafugaji wa Marekani na Visima vya Wajir

Mwaka 1958 ilitoka Marekani sinema iitwayo "The Big Country", iliyoongozwa na William Wyler. Watu wengi huzikumbuka sinema za aina hii kwa mbio za farasi na milio ya bastola, nayo hii inayo yote mawili. Walakini kiini chake si bastola. Kiini chake ni maji ya kunyweshea ng'ombe. Kwa sababu hiyo mtu wa Garissa, Wajir au Mandera akiitazama hatahitaji kufasiriwa mengi.

Hadithi yenyewe ni hii. Wazee wawili wenye mifugo, Major Terrill na Rufus Hannassey, wamechukiana kwa miaka mingi. Terrill ni tajiri mwenye nyumba kubwa na wachungaji wengi. Hannassey hana mali kama hiyo, akaaye na wanawe katika bonde la mawe. Kati yao upo mto, na ardhi ya mto ule ni mali ya mwalimu mmoja mwanamke, Julie Maragon, aliyeirithi kwa babu yake. Bibi huyo huwaachia wote wawili wanyweshe. Kila mmoja wa wazee wale anatamani kuinunua ardhi ile, si kwa kuwa amekosa maji, bali apate kumnyima mwenziwe. Hapo ndipo anapofika mgeni, James McKay, nahodha wa meli aliyekuja kumwoa binti Terrill.

(Nahodha katika nchi kavu ni jambo la kuchekesha, lakini Wajir nako mambo hayo yamepata kuwako. Maofisa wa Kiingereza waliokaa huko walianzisha klabu wakaiita klabu ya mashua, hali bahari iko mbali safari ya siku nyingi kwa ngamia.)

Watu wa Terrill wanaivamia boma ya Hannassey, wanawapiga wanawe na kulitoboa tangi la maji kwa risasi. Yafaa jambo hili litazamwe vema. Katika nchi kavu, kumwaga maji ya mtu ni karibu sawa na kumwaga damu yake. Baadaye nahodha anainunua ile ardhi ya mto kwa ahadi kwamba pande zote mbili zitaendelea kunywesha. Ahadi hiyo haitoshi, kwa maana chuki imekwisha kuwa kubwa kuliko kiu. Mwisho wake wale wazee wawili wanakutana peke yao bondeni na bunduki zao, nao wanauana. Burl Ives, aliyeigiza Rufus Hannassey, alipewa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo.

Sasa tuitazame nchi yetu ya kaskazini mashariki. Mvua ya Wajir kwa mwaka ni kama milimita 300 tu, tena haitabiriki. Mito idumuyo ni miwili, nayo yote iko pembeni: Tana upande wa Garissa na Daua upande wa Mandera. Katikati watu hutegemea visima, mabwawa na vidimbwi vya mvua. Ngamia huweza kukaa siku kumi na zaidi bila kunywa, na afikapo kisimani hunywa lita 100 kwa mara moja. Ng'ombe hawezi hivyo. Kila siku mbili au tatu lazima arudi majini. Basi kiangazi kinapokaza, wenye ng'ombe husukumana kwenye maji machache, na wenye ngamia hutembea mbali hata kufika katika malisho ya watu wengine. Wajir imekuwa mahali pa kukutania kwa sababu ya visima vyake vifupi vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa, na ni kwa ajili ya visima hivyo Serikali ya kikoloni iliweka kituo chake pale mwaka 1912.

Twaona kwamba chanzo cha ugomvi ni kimoja huko Marekani na huku. Tofauti iko katika chapa. Mfugaji wa Marekani humtia ng'ombe wake chapa ya moto iliyo yake mwenyewe, ili ijulikane kwamba mnyama huyu ni wa bwana fulani. Msomali naye humtia ngamia chapa, lakini chapa ile ni ya ukoo. Mwenye ngamia yuko, na ana haki zake. Hata hivyo mbele ya wageni ngamia yule ni wa watu wote wa ukoo ule, na aliyemwiba amewaibia wote. Katika sinema, vita ni ya Terrill na Hannassey, na wakifa hao wawili imekwisha. Katika kaskazini mashariki vita haifi na mtu mmoja, kwa maana damu ya mmoja hudaiwa kwa ukoo mzima.

Jambo hili lina hatari yake wazi: mtu asiye na kosa lolote aweza kuuawa njiani kwa sababu tu ya ukoo wake. Lakini ndani ya hatari hiyo hiyo wazee wa zamani walitia dawa, nayo ni dia, ambayo Wasomali huiita mag. Kwa kanuni ya zamani dia ya mwanamume aliyeuawa ni ngamia 100, na ya mwanamke ni 50. Hailipwi na muuaji peke yake, wala hakuna mchungaji wa kawaida awezaye kuilipa peke yake. Hulipwa na kundi la jamaa waliopatana tangu mbele kulipa na kupokea pamoja. Tuseme kundi lina wanaume 500: kila watu watano watatoa ngamia mmoja. Ngamia mmoja si mchezo. Kwa hiyo kijana mwenye hasira anapoichukua bunduki, wako watu 499 wenye sababu nzuri ya kumkamata mkono, kwani mifugo yao iko hatarini pamoja na roho yake. Upande wa pili, sehemu ya dia huwaendea warithi wa karibu wa marehemu na iliyobaki hugawanywa katika kundi lake. Hao nao wakiisha kupokea, hawana tena haki ya kulipiza kisasi.

Pamoja na dia iko kanuni nyingine: wako watu ambao mkuki hauwagusi hata vita ikichacha. Hao ni wanawake, watoto, wazee, wagonjwa, wageni, watu wa dini, na wajumbe wa amani. Katika ile sinema Rufus Hannassey anampiga risasi mwanawe mwenyewe, Buck, kwa kuvunja kanuni za pambano. Watazamaji wa mjini huona ni ukatili wa ajabu. Mzee wa Wajir ataelewa mara moja kwamba mtu avunjaye sheria ya vita huwatia aibu watu wake wote.

Dia haikosi kasoro, wala si haki kuzificha. Muuaji huweza kutembea huru wakati jamaa zake wanalipa. Mwanamke huhesabiwa nusu. Kundi lenye mifugo mingi huona wepesi kuua kuliko kundi maskini. Tena sheria ya Kenya inasema kuua ni kosa dhidi ya Jamhuri, si deni la jamaa kwa jamaa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 159, inaziagiza mahakama kuzitia nguvu njia za jadi za kusuluhisha, mradi zisipingane na haki za binadamu. Mwezi Mei 2013 Mahakama Kuu mjini Nairobi ilikubali kesi moja ya mauaji iondolewe, baada ya familia mbili za Kiislamu kupatana na ngamia na mbuzi kulipwa. Wanasheria walibishana sana juu ya uamuzi huo.

Na Serikali je? Wakoloni walitunga sheria ya adhabu ya jumla mwaka 1909, ambayo kwayo kabila zima liliweza kutozwa mifugo kwa kosa la wachache. Huenda waliona wanafuata desturi ya wenyeji, lakini hawakufuata ila nusu yake. Dia hupelekwa kwa aliyefiwa naye akatulia. Faini huenda Serikalini, na aliyefiwa hubaki na damu yake mkononi. Baada ya uhuru yalitendeka mabaya kuliko faini. Mwezi Februari 1984, kufuatia mapigano ya Degodia na Ajuran, askari waliwakusanya wanaume wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakiwadai bunduki. Waliwaweka juani siku kadhaa bila maji, na mamia yao walikufa. Hata baada ya hayo mapigano ya koo hayakukoma.

Yalirudi kwa nguvu mwaka 1992. Ukame ulikuwa umeua mifugo, na Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka Januari 1991, bunduki na wakimbizi wakavuka mpaka pamoja. Katika mji wa Wajir mambo yalifika hata mama wa ukoo huu hamuuzii maziwa mama wa ukoo ule. Hapo ndipo wanawake wachache walipoanza kazi, mmoja wao akiwa Dekha Ibrahim Abdi, mwalimu aliyezaliwa Wajir mwaka 1964. Hawakuanza kwa wenye bunduki. Walianza sokoni, wakahakikisha kwamba kila mwanamke aweza kuuza na kununua bila kuulizwa ukoo wake. Soko lilipotulia, wakaenda kwa wazee. Mazungumzo ya wazee yalisimamiwa na wazee wa koo ndogo zisizokuwa katika vita, kwa kuwa hakuna aliyewashuku kwamba wanataka visima. Matokeo yake yalikuwa Azimio la Al Fatah la mwaka 1993, na mwaka 1995 ikaundwa kamati ya amani ya wilaya iliyowaketisha pamoja wazee, wanawake, vijana na maofisa wa Serikali. Mfano huo ulichukuliwa na wilaya nyingine za Kenya. Bibi Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na alifariki mwezi Julai 2011 baada ya ajali ya gari.

Katika sinema yule bibi mwenye mto anatekwa nyara, na haki ya maji inaamuliwa na wanaume wenye silaha. Msomaji ataona ni wapi Wajir ilipotengana na hadithi ile.

Azimio jingine lilifanywa Modogashe mwaka 2001 na watu wa Garissa, Wajir na Mandera. Liliweka masharti juu ya mifugo iliyoibwa, juu ya silaha, na juu ya fidia ya mtu aliyeuawa. Sharti moja ni la wale wahamao wakati wa kiangazi: asipeleke mtu mifugo yake katika malisho na maji ya wengine kabla ya kuomba ruhusa kwa wazee na machifu wa mahali pale. Tangu zamani wafugaji wa Kisomali hutuma watu wepesi wa miguu kutangulia kundi, wakaangalie majani yako wapi na kisima gani kina maji. Kwa sharti hilo watu hao huwa na kazi ya pili. Wakiisha kuyaona majani, huenda kwanza kuketi na wenyeji na kuwauliza kama ngamia waweza kuja.