Mabalozi wa Papa Katika Nchi za Kiislamu: Wanatafuta Nini?

Kuna swali ambalo waamini huniuliza mara kwa mara mlangoni pa kanisa baada ya Misa, na safari nyingine huliuliza kwa ukali: kwa nini Kiti Kitakatifu kipeleke mabalozi katika nchi ambazo Wakatoliki wake ni wachache, na pengine hawana uhuru hata wa kupiga kengele? Wengine huona ni adabu za wakubwa tu, picha na kushikana mikono. Nitajibu kwa kuanzia na kifo cha mtawa mmoja ambaye wengi nchini Kenya bado wanamkumbuka.

Tarehe 12 Septemba 2006, Baba Mtakatifu Benedikto XVI alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Regensburg, Ujerumani, kuhusu imani na akili. Ndani yake alinukuu maneno makali ya kaisari mmoja wa Bizanti dhidi ya Uislamu. Maneno hayo hayakuwa yake, lakini yalisambaa peke yake, bila mhadhara uliyoyabeba, na ghadhabu ikaenea katika nchi nyingi. Siku tano baadaye, mjini Mogadishu, Sista Leonella Sgorbati, Mmisionari wa Consolata, alipigwa risasi akitoka hospitalini alikokuwa akifundisha wauguzi. Alikuwa amefika Kenya mwaka 1970, akahudumu huko kwa miongo mitatu. Pamoja naye aliuawa mlinzi wake, Mohamed Mahamud, Mwislamu na baba wa watoto wanne. Sista alikata roho akisema kwamba anasamehe. Watu wengi waliyahusisha mauaji hayo na hasira ya siku zile. Tarehe 26 Mei 2018 Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri, huko Piacenza, Italia.

Tazama sasa lililofuata upande wa Roma. Siku ileile aliyouawa Sista, Papa alikuwa amekwisha kueleza hadharani masikitiko yake. Tarehe 25 Septemba aliwaita Castel Gandolfo mabalozi wa nchi zenye Waislamu wengi, pamoja na wawakilishi wa Waislamu wa Italia, akazungumza nao uso kwa uso. Aliweza kuwaita kwa sababu walikuwapo. Misri ilikuwa na uhusiano wa kibalozi na Kiti Kitakatifu tangu 1947, na baada yake zilikuja Pakistan, Iran, Uturuki na nyinginezo. Mlango uliojengwa miaka sitini kabla ndio uliofunguliwa wakati wa moto. Na haukupita hata mwaka mmoja: tarehe 30 Mei 2007, Umoja wa Falme za Kiarabu ulianzisha uhusiano kamili na Kiti Kitakatifu.

Hapa tufafanue jambo ambalo huwachanganya wengi. Anayepeleka mabalozi ni Kiti Kitakatifu, yaani Papa na uongozi wake wa Kanisa zima, wala si lile eneo dogo la Mji wa Vatikano. Balozi wake, Nunsio, ana kazi mbili: kuzungumza na serikali, na kuwa kiungo kati ya Papa na Kanisa mahalia. Hana jeshi nyuma yake, hana mafuta ya kuuza wala mkopo wa kutoa. Anachoomba ni kidogo na ni kizito: kibali cha padre kuingia nchini, kiwanja cha kanisa, usalama wa watawa, mfungwa aachiliwe.

Mataifa makubwa nayo yamejaribu. Juni 2009 Rais Barack Obama wa Marekani aliwahutubia Waislamu wa dunia kutoka Chuo Kikuu cha Cairo, na mwezi huohuo Farah Pandith akateuliwa kuwa mwakilishi maalumu wa kwanza wa wizara ya mambo ya nje kwa jumuiya za Waislamu. Alisafiri sana na kuonana na vijana wengi. Lakini gereza la Guantánamo lilibaki wazi, na ndege zisizo na rubani ziliendelea kushambulia Pakistan na Yemen. Kwa maoni yangu, kasoro haikuwa katika hotuba. Anayekaribishwa mezani kwanza kwa sababu anaogopwa huligundua jambo hilo kabla chakula hakijaletwa. Sisi nasi tujichunguze: tunapomtembelea jirani Mwislamu siku ya Idi, je, tunaenda kwa jirani?

Wala nisifiche mipaka ya njia hii. Saudi Arabia haina kanisa hata moja, ingawa Mfalme Abdullah alipokewa Vatikano mwezi Novemba 2007. Mwaka 2011 chuo cha Al-Azhar cha Cairo kilisimamisha majadiliano na Vatikano, baada ya Papa kuwatetea Wakristo walioshambuliwa kwa bomu mjini Aleksandria. Wanaosema kwamba diplomasia huchelewa na wakati mwingine hunyamaza mno hawajakosea.

Hata hivyo, nataka muifahamu habari ya Aden. Tarehe 4 Machi 2016, watu wenye silaha waliivamia nyumba ya wazee ya Wamisionari wa Upendo katika mji huo wa Yemen. Waliua watu 16, wakiwemo masista wanne: wawili wa Rwanda, mmoja wa Kenya na mmoja wa India. Padre Tom Uzhunnalil, Msalesiani kutoka India, alitekwa, akawa mateka kwa muda wa mwaka mmoja na nusu. Aliyempatia njia ya kutoka ni Oman, nchi ambayo pwani yetu inaijua kwa udugu na pia kwa machungu ya biashara ya watumwa. Tarehe 12 Septemba 2017 padre alifika Muscat akiwa huru, akapelekwa Roma, na kesho yake Baba Mtakatifu Fransisko akaibusu mikono yake. Vatikano ilimshukuru Sultani waziwazi.

Wakati huo Oman na Kiti Kitakatifu hawakuwa na mabalozi. Palikuwa na miaka mingi ya kujuana: Sultani Qaboos alikwisha kutoa viwanja vya makanisa, na maparokia yalikuwa yakiadhimisha Misa kwa wafanyakazi wahamiaji. Uhusiano rasmi ulitangazwa tarehe 23 Februari 2023, zaidi ya miaka mitano baada ya Padre Tom kurudi nyumbani.