Hedi ya alumini haioshwi kama sufuria

Ukifungua boneti ya gari la zamani lililokaa miaka mingi hapa Pwani, utakuta sehemu za alumini zimeota unga mweupe, na juu yake oili imeganda nyeusi kama lami. Mwenye gari huona aibu, hasa kama amelikodisha kwa harusi ya wikendi. Basi huitwa kijana mwenye brashi ya waya na ndoo ya kostiki, na kufikia jioni injini inang'aa. Miezi michache baadaye inaanza kuvuja oili na maji, na hakuna anayekumbuka ile ndoo.

Chukua mfano wa Datsun 240Z, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973. Bloku yake ni ya chuma, lakini hedi, kifuniko kilicho juu ya hedi, na kabureta zake mbili ni za alumini. Hedi ya namna hiyo si kitu cha kuingia dukani ukanunua. Ukiiharibu kwa kuiosha, umelilaza gari.

Alumini haishiki kutu kama chuma. Ikiguswa na hewa tu hujifunika ngozi nyembamba sana, ngumu, isiyoonekana, na ngozi hiyo ndiyo kinga yake. Chumvi ya bahari huitoboa ngozi hiyo kidogo kidogo, ndipo unga mweupe unapotokea na vishimo kubaki chini yake. Kostiki haitoboi, inaimenya yote, kisha inaendelea kuila alumini yenyewe. Ule mchemko unaouona kwenye ndoo si uchafu unaotoka: ni alumini inayoyeyuka, na mapovu yake ni gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Wapishi wanaijua tabia hii bila kufundishwa. Ukichemsha maharagwe kwa magadi, sufuria hugeuka nyeusi. Ukipika kitu chenye ukwaju au ndimu, hutoka nyeupe.

Tofauti ni kwamba sufuria ikipungua unene hakuna anayejali. Uso wa hedi unaolalia gasketi hupimwa kwa sehemu ndogo za milimita. Ukiliwa ukawa na vishimo, gasketi mpya haitaziba hata ukiifunga kwa nguvu za punda. Jiki na dawa za kusafishia oveni ziwekeni kundi moja na kostiki.

Brashi ya waya wa chuma nayo ina ubaya wake. Huacha chembe za chuma zimejichomeka ndani ya alumini laini, na kwa hewa yetu hii ya chumvi chembe hizo hushika kutu, ukabaki na madoa ya kahawia usiyoweza kuyafuta. Tumia brashi ya nailoni au ya shaba.

Hatari kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni mchanga. Wapo wanaopeleka hedi ikapigwe mchanga kwa kompresa. Inatoka safi ajabu. Lakini ndani ya hedi kuna vijia vyembamba vya oili, na punje zikijificha humo hazitoki kwa kupuliza mara moja. Injini ikiwaka, oili inazisomba hadi kwenye beringi, na krankshafti inaliwa. Msasa na zile diski za kusugulia gasketi kuukuu ni vivyo hivyo: unga wake ni mgumu kuliko chuma cha injini. Kifuniko kilichofunguliwa na kuwekwa mezani kisugue utakavyo, ukioshe vizuri ndani na nje kabla ya kukirudisha. Hedi iliyo juu ya injini usiiguse kwa msasa.

Njia salama ni ya polepole. Ziba matundu yote kwa vitambaa safi. Lainisha grisi kwa mafuta ya taa, kamwe si petroli, na injini iwe baridi. Kwangua kwa kijiti au plastiki. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Palipobaki weupe, paka siki au ndimu iliyochanganywa na maji kwa dakika chache tu, kisha suuza sana na ukaushe.

Mwenye Volkswagen ya Beetle asome hapa mara mbili. Bloku ya nyingi kati ya gari hizo ni ya aloi ya magnesi, si alumini, na magnesi haivumilii asidi hata kidogo. Siki na ndimu usizisogeze. Vumbi lake likishika moto, maji huuchochea badala ya kuuzima.

Kuhusu mng'aro, hapa tutatofautiana na wengi. Kiwandani kifuniko cha 240Z hakikutoka kama kioo. Kilikuwa na rangi ya fedha iliyopoa. Ukitaka kioo, anza na msasa wa maji namba 400, uende 600 na zaidi, umalizie kwa polishi na kitambaa. Kitapendeza, ila kwa hewa ya hapa kitafifia upesi, na utakuwa mtumwa wa kitambaa hicho. Vanishi ya kawaida ikipata joto hugeuka njano na kubambuka. Bora ile ya kustahimili joto, au nta nyembamba kila baada ya muda.

Unapofunga, tazama bolti. Bolti ya chuma ndani ya alumini, pakipita unyevu wa chumvi, hufanya kazi kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana bolti za zamani hukatika zikifunguliwa au hutoka na meno yote. Paka kila moja grisi kidogo ya kuzuia kunata. Gari likitoka barabara ya ufukweni, injini ikishapoa, ipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi.