Mgeni Rasmi na Bahasha Yake

Wengi wetu tumewahi kukaa katika kamati ya mchango. Labda ni mchango wa kumtibu mwenzetu aliyekatwa vidole na mashine, au wa kujenga chumba cha kulelea watoto kule shambani. Swali la kwanza huwa ni nani atakuwa mgeni rasmi. Na la pili, linaloulizwa kwa sauti ya chini, ni atapewa nini. Mafuta ya gari yataandikwa, chakula kitaandikwa. Bahasha haiandikwi popote.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Leo tutakwenda mbali kidogo, mpaka Kanada, kwa sababu huko hesabu ilitoka hadharani na tunaweza kuitazama vizuri.

Mwezi wa Juni 2012, katika mji wa Saint John, shirika la hisani liitwalo Grace Foundation liliandaa hafla ya kuchangisha fedha za kununulia samani za nyumba ya wazee. Lilimwalika Justin Trudeau, wakati huo mbunge na mtoto wa Waziri Mkuu wa zamani. Ada yake ya kuhutubia ilikuwa dola 20,000. Tiketi hazikuuzika kama ilivyotarajiwa, na hesabu zilipofungwa shirika lilikuta hasara ya dola 21,000 hivi. Yaani karibu hasara yote ni ile ada ya mgeni. Mwezi wa Machi 2013 shirika likamwandikia kuomba arudishe fedha. Habari zilipofika magazetini mwezi wa Juni, naye akiwa amekwisha kuwa kiongozi wa chama cha Liberal, alisema atazungumza na mashirika yote yaliyomlipa na kurudisha fedha ikibidi.

Tuseme kweli, hakuvunja sheria. Mbunge wa Kanada asiye waziri aliruhusiwa kuwa na shughuli nyingine ya kumpa kipato, na Trudeau mwenyewe alikwisha kutangaza kwamba tangu achaguliwe mwaka 2008 alipokea dola 277,000 hivi kwa hotuba mbalimbali. Kamati nayo ilikosea: iliahidi fedha kabla ya kujua itauza tiketi ngapi. Sisi tuliokwisha kuzungusha tiketi kiwandani tarehe ishirini ya mwezi, mifuko ya watu ikiwa mitupu, tunawaonea huruma.

Lakini mshahara wa mbunge huko ulikuwa zaidi ya dola 150,000 kwa mwaka, nao ulitoka kwa walipa kodi wa nchi nzima, pamoja na hao wa Saint John. Je, sauti iliyokwisha kulipiwa yauzwa mara ya pili, tena kwa wazee wanaotafuta viti?

Wapo watakaotuuliza: mpiga muziki analipwa, mpishi analipwa, kwa nini msemaji asilipwe? Mwenye kuishi kwa kusema alipwe kama fundi yeyote. Hatuwezi kudai ujira wa haki halafu tutake kazi ya mwenzetu bure. Nauli na malazi hata mbunge apewe. Ila mbunge akisimama jukwaani hauzi ufundi wake. Anauza cheo tulichompa sisi kwa kura.

Iko hatari nyingine, nayo inatugusa zaidi. Mwaka 1995 mtoto wa Kanada wa miaka 12, Craig Kielburger, alisoma habari za Iqbal Masih, mtoto wa Pakistani aliyetumikishwa kufuma mazulia na kisha akauawa. Akaanzisha kikundi cha kupinga utumikishwaji wa watoto. Alipohutubia mkutano wa Shirikisho la Wafanyakazi la Ontario mwaka huo huo, vyama viliahidi dola 150,000. Fedha za wafanyakazi wenzetu! Kikundi hicho kikakua kikawa WE Charity, kikichangisha kwa watoto wa shule fedha za kujenga madarasa, mengine huko Narok nchini Kenya.

Mwezi wa Juni 2020 serikali ya Trudeau, wakati huo Waziri Mkuu, ilitangaza kwamba WE Charity itasimamia mpango mkubwa wa ruzuku kwa wanafunzi. Punde ikajulikana kuwa shirika hilo na kampuni yenye uhusiano nalo walikuwa wamemlipa mama yake dola 250,000 hivi kwa hotuba 28, na ndugu yake dola 32,000 kwa hotuba 8. Siku chache tu baada ya tangazo, shirika lilijitoa. Mwaka 2021 kamishna wa maadili aliamua kwamba Trudeau hakuvunja sheria, bali aliyekuwa Waziri wa Fedha, Bill Morneau, aliivunja kwa ukaribu wake mwenyewe na shirika hilo. Mama yule hakuchaguliwa na mtu, na alikuwa na haki ya kula jasho lake. Lakini nani angeamini tena kwamba mpango ule ulitolewa bila kujuana?

Kwa hiyo tunayaomba matawi yaandike masharti ndani ya barua ya mwaliko: nauli, chakula, basi. Mwenye mshahara wa umma au wa chama, nasi viongozi tukiwemo, asipokee zaidi. Makadirio ya gharama yabandikwe ubaoni kabla ya siku ya mchango, kila mwanachama ayasome. Mgeni akikataa kuja, wapo wenzetu waliotibiwa na mfuko huo huo, nao wanajua kuzungumza.