Maiki Iliyotunasa Sote Wawili

Hivi umeshawahi kufungua kabati kutafuta shuka, ukakutana na kitu chenye bei kuliko kitanda, godoro na hilo shuka lenyewe? Mimi yalinikuta.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nyumbani kwetu Tabata. Nyuma ya mashuka ya wageni kulikuwa na boksi la mbao, zuri kama la kuwekea dhahabu za bibi harusi. Nikalifungua huku natabasamu, nikajua nimeandaliwa sapraizi. Lahaula! Ndani ilikuwa maiki. Nene, ya rangi ya fedha, imelazwa kama mtoto mchanga. Pembeni kulikuwa na kiboksi chake cha umeme, waya mnene, na risiti. Ukijumlisha na usafiri na ushuru, ni karibu milioni mbili na nusu.

Hizo hela nilizifahamu vizuri. Zilikuwa za kumalizia kiwanja.

Mume wangu anasoma matangazo na hadithi za kusikiliza, kazi anayoifanyia nyumbani akitoka ofisini. Sauti anayo, hilo sibishi, ndiyo iliyoniponza mimi mwenyewe. Ila maiki yake ya zamani ilikuwa ya bei ya chini, na mteja mmoja alishamwambia kwamba kazi zake zinasikika kama mtu anayeongea na simu. Neno lile lilimchoma. Badala ya kuniambia, akaenda benki.

Nilipomuuliza, alisema, "Mke wangu, hii siyo maiki tu. Hii ni ya mtindo wa zile walizorekodia akina Sinatra."

Nikamjibu, "Sinatra alikuwa na kiwanja?"

Tukanuniana wiki mbili. Mgongo kwa mgongo, katikati nafasi ya kulala mtu wa tatu.

Nikaanza upelelezi

Mwanamke akisikia mumewe ana nyumba ndogo, anapeleleza. Na mimi nilitaka kumjua huyu aliyekula kiwanja changu ni nani, kwao wapi.

Kumbe ukoo wake ni mrefu. Maiki za aina hii zinaitwa kondensa, na ya kwanza ilibuniwa na Mmarekani E. C. Wente mwaka 1916. Mwaka 1928 fundi Georg Neumann akafungua kampuni yake Berlin, Ujerumani, akaanza kuzitengeneza kwa ajili ya kuuza. Ile ya kwanza ilikuwa ndefu na nene mpaka watu wakaibatiza "chupa". Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, karakana yake iliungua mwaka 1943, shughuli zikahamishiwa mji mdogo wa Gefell. Baada ya vita akaanza upya Berlin, na mwaka 1949 akaitoa ile iliyomfanya ajulikane dunia nzima: U 47.

Frank Sinatra aliipenda sana. The Beatles nao waliimbia maiki za ukoo huo kwenye studio za Abbey Road, London. Ndani yake kulikuwa na valvu, ndugu wa zile zilizokuwa kwenye redio za mbao za babu zetu. Valvu hiyo, VF14, ilitengenezwa na Telefunken. Telefunken walipoacha kuitengeneza, mwisho wa U 47 ukawa umeandikwa. Mwaka 1960 ikaja U 67, na ilipofika 1965 U 47 ikaacha kabisa kutengenezwa. Leo ukiipata nzima, andaa zaidi ya dola 10,000.

Ndipo wakatokea wajanja wa kuifufua. Kampuni kadhaa zinatengeneza maiki mpya kwa kufuata ramani ya ile ya zamani. Mojawapo ni Warm Audio ya Texas, Marekani, na maiki yao WA-47 ndiyo iliyokuwa imelala kabatini kwangu. Bei yake haifiki hata sehemu ya kumi ya bei ya ile halisi. Mume wangu alivyoniambia hivyo, akaniangalia kama mtu aliyeniokolea pesa. Jamani wanaume!

Sikio lisilochagua

Nikataka pia kujua inafanyaje kazi. Ndani ya kile kichwa cha wavu kuna utando mwembamba kuliko unywele, umepakwa dhahabu kidogo sana. Nyuma yake, karibu kabisa bila kugusana, kuna kisahani cha chuma. Vyote viwili vimewekewa umeme. Ukiongea, sauti inautikisa utando, unasogea mbele na nyuma, na umeme unabadilika kufuatana na sauti yako. Mabadiliko yenyewe ni madogo mno, ndiyo maana valvu imekaa palepale ili kuyakuza kabla hayajapotea njiani.

Kwa kuwa utando ni mwepesi hivyo, unasikia kila kitu. Mate yakimezwa, unasikia. Shati likijikunja, unasikia. Na hapo ndipo kimbembe kilipoanzia.

Siku ya kwanza mume wangu aliifunga sebuleni. Sakafu ya vigae, ukuta mtupu, feni juu. Akarekodi tangazo, akaliweka tusikilize. Nilikuwa nimenuna, lakini nilicheka. Ilisikika feni, ikasikika friji, bodaboda ikapita, jogoo wa jirani akaitikia, na sauti ya mume wangu ikawa inagonga ukutani na kurudi kama yuko bafuni. Mteja akairudisha kazi. Safari hii hakusema simu, alisema stoo.

Milioni mbili na nusu! Ile maiki ya zamani angalau ilikuwa kiziwi kidogo, haikumsikia jogoo.

Nilimwona alivyokaa kitini akiitazama. Hasira yangu ikapungua kidogo, ila sikumwambia.

Usiku wa hedifoni

Maiki hii ina swichi ya kuchagua upande wa kusikiliza. Ukitaka inasikia mbele tu, ukitaka mbele na nyuma, ukitaka pande zote. Usiku mmoja aliiacha kwenye pande zote, anajaribu hadithi. Mimi nilikuwa chumbani, mlango wazi, naongea na dada yangu kwa simu. Nilikuwa naongea taratibu, nikijua amevaa hedifoni na hanisikii.

Baada ya nusu saa akaja. Hakusema kitu. Akanivalisha hedifoni, akabonyeza.

Nikajisikia mwenyewe. Kwa mbali, lakini kila neno: "Dada, hela siyo tatizo. Ningepewa taarifa ningempa hata na za kwangu. Ninachoumia ni kwamba aliogopa kuniambia. Ina maana mimi ni mtu wa kuogopwa?" Halafu kimya. Halafu pumzi, ile ya mtu anayezuia kulia.

Sikuwahi kujua ninasikika hivyo. Mtu ukiwa unaongea huisikii huzuni yako, unasikia maneno tu.

Nilitaka kumkasirikia kwamba kaninasa. Lakini alikuwa ameshakaa sakafuni pembeni ya kitanda. Akasema, "Niliogopa utasema hapana. Na ungesema hapana ningeona hata wewe huiamini sauti yangu." Hapo nikakumbuka kitu. Mara ngapi nimemwambia, hata kwa utani, "achana na hayo mambo ya redio, tafuta kazi ya maana"? Mimi niliona utani. Yeye aliyatunza.

Tuliongea mpaka saa tisa usiku. Siku iliyofuata tukaenda wote wawili kwa mwenye kiwanja, tukamwomba miezi minne. Akatupa mitatu.

Chumba kwanza

Kuiuza tulifikiria. Tukakubaliana kwanza tuipe nafasi, ila kwa akili. Tulihamia chumba kidogo cha stoo. Tukapanga magodoro ya wageni ukutani, tukatundika mablanketi mazito, na nguo zote za msimu wa baridi alizoniletea wifi kutoka Arusha. Kitu kizito na laini kinameza mwangwi, ukuta mtupu unaurudisha. Feni inazimwa, friji inachomolewa, na kurekodi ni baada ya saa tano usiku, bodaboda zikipungua. Gharama ya yote hayo haikufika hata laki moja.

Ndipo nikaisikia. Sauti ya mume wangu, nzito, ya karibu, kama ananiongelesha sikioni enzi zile za uchumba. Nikaelewa kwa nini watu wanaililia ile ya mwaka 1949.

Lakini nataka niwe mkweli kwako msomaji. Kabla hamjatoboa kibubu, jueni haya:

1. Bei siyo sauti. Michael Jackson alirekodi sauti yake kuu ya albamu ya Thriller ya mwaka 1982 kwa Shure SM7, maiki isiyo kondensa kabisa na ya bei ya chini kuliko hizi za kifahari. Fundi Bruce Swedien alijua anachokifanya.

2. Tengeneza chumba kwanza, maiki baadaye. Kwenye nyumba yenye kelele, maiki isiyosikia sana inaweza kukufaa zaidi.

3. Kaa umbali wa kama shibiri moja. Ukiwa mbele tu na ukisogea sana, besi inajaa. Weka soksi ndefu ya nailoni kwenye waya mbele yako, itachuja pumzi za "p" na "b".

4. Usiipulizie wala kuigonga ukisema "alo, moja mbili". Yenye valvu iwashe robo saa kabla. Ukiishi Pwani, unyevunyevu ni adui yake. Ukimaliza irudishe kwenye boksi pamoja na vile vifuko vya kunyonya maji vinavyokuja na viatu.

5. Kitu chochote kinachohitaji kufichwa nyuma ya mashuka, kijadiliwe kabla ya kununuliwa.

Kiwanja tulimaliza kulipa wiki moja kabla ya muda. Nusu ya hela ilitoka kwenye kazi za ile maiki, nusu ni mkopo wangu wa kazini ambao mpaka leo tunaulipa wote. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba ilijilipa. Bado.

Nilichobadilika mimi ni kwamba sitanii tena kuhusu kazi yake. Na yeye, hata akitaka kununua waya wa elfu kumi, ananitumia meseji kwanza. Wakati mwingine namwambia hapana, na dunia haiishi.

Saa hizi naandika haya saa sita kasoro usiku. Feni imezimwa, jasho linanitiririka, friji imechomolewa na maziwa ya kesho sijui yatakuwaje. Mume wangu ametoa kichwa stoo, ameweka kidole mdomoni. Anaanza kurekodi. Ngoja niishie hapa, hata hizi batani za kompyuta anazisikia.