Maabara Imfae Mganga Kazini

Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilipofunguliwa mwaka 1963, haja ya Taifa ilikuwa ni kupata waganga wa kuwatibu wananchi. Miaka minne baadaye, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu inayomtenga mwanafunzi na kazi za jamii yake. Twauliza: je, mafunzo ya maabara kwa wanafunzi wa udaktari yameepukana na lawama hiyo?

Mwanafunzi huweza kukaa saa nyingi akichanganya dawa mpaka rangi igeuke, kisha akaandika jibu ambalo mwalimu wake alijua tangu jana. Hatusemi kemia ya mwili ni upuuzi. Pasipo hiyo mganga ni mpiga ramli. Lakini kuchanganya dawa ni kazi yenye wenyewe, nao ni mafundi sanifu wa maabara, watu tusiowapa heshima yao. Mganga hana budi kujua mengine: aagize kipimo gani, damu aitoeje, na jibu lipi asiliamini.

Damu ikiachwa mezani katika chupa ya kawaida, chembe zake huendelea kula sukari. Kwa saa moja yaweza kupungua asilimia 5 hadi 7. Hivyo mwenye kisukari aweza kusomeka mzima. Damu ikivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, chembe hupasuka, potasiamu ikamwagika, na mgonjwa akatibiwa ugonjwa asio nao. Kipimo cha haraka cha malaria chaweza kuonyesha ugonjwa kwa wiki kadhaa baada ya vijidudu kwisha. Hapo hadubini ndiyo mwamuzi. Mashine haina kosa katika mambo haya. Kosa hutokea kando ya kitanda, mikononi mwa daktari.

Wako watakaosema vifaa ni haba na wanafunzi ni wengi. Basi damu ya mtu mmoja igawanywe katika chupa mbili, moja ipimwe papo hapo, nyingine baada ya saa tatu. Darasa zima litaona tofauti kwa macho yake, wala gharama si kubwa.

Mtihani nao ugeuzwe, maana mwanafunzi husoma kile anachotahiniwa. Apewe kioo cha damu, chupa isiyoandikwa jina, na jibu lisilolingana na hali ya mgonjwa, aseme atafanya nini. Na fundi sanifu wa maabara awe miongoni mwa watahini.